Kufungua Blogu ya Bure: ya Kuamua Polepole na ya Kubadilisha Kesho

Kufungua blogu ya bure ni kazi ya dakika kumi. Ndani ya dakika hizo anayeanza huamua mambo matatu ambayo akiyakosea yatamsumbua kwa miaka: akaunti ipi itamiliki blogu, anwani itasomekaje, na kila makala itakaa kwenye kiungo gani. Rangi, aina ya herufi, picha ya juu, mpangilio wa safu, hata jina linaloonekana kwa wasomaji, vyote hivyo unaweza kuvigeuza kesho na keshokutwa bila hasara. Wengi hushinda siku nzima kwenye rangi, anwani wakaiandika kwa sekunde tano.

Mwongozo huu unafuata Blogger, huduma ya Google ambayo anwani zake huishia na blogspot.com. Ilianza mwaka 1999, Google ikainunua 2003, na blogu nyingi za mwanzo za Kiswahili zilizaliwa humo, ikiwemo ile ya mpiga picha Issa Michuzi iliyoanza 2005. Haina ada, haikubandikii matangazo usiyoyataka, na unaweza kuiendesha yote kwa kivinjari cha simu. WordPress.com nayo ina kifurushi cha bure, ila huweka matangazo ya kampuni juu ya kazi yako. Tena wageni huichanganya na WordPress ile nyingine, programu unayoipakua na kulazimika kulipia mahali pa kuiweka. Kwa asiye na bajeti yoyote, Blogger inatosha kabisa.

Ili tusizungumze hewani, chukua mfano wa fundi cherehani anayetaka kufundisha ukataji wa nguo za kawaida: sketi, gauni, sare za shule. Tutakwenda naye.

Akaunti kwanza

Blogu ni mali ya akaunti ya Google iliyoifungua. Ukiipoteza akaunti, blogu inabaki hewani, wasomaji wanaiona, na wewe mwenyewe huwezi kusahihisha hata koma. Chanzo cha balaa hili mara nyingi ni namba ya simu. Mtu amefungua akaunti kwa laini aliyokuwa nayo wakati ule, laini ikakaa bila kutumika, kampuni ikaifunga na namba akapewa mwingine. Siku anapobadilisha simu, Google inatuma namba ya uthibitisho kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo fungua akaunti mpya ya Gmail kwa ajili ya blogu tu, na siku hiyo hiyo iwekee kinga. Weka barua pepe ya akiba. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, kisha chukua misimbo ya akiba: Google hutoa kumi, kila mmoja una tarakimu nane na hutumika mara moja. Inakili kwenye daftari linalobaki nyumbani. Ukiipiga picha na kuiacha kwenye simu, simu ikiibiwa misimbo imekwenda nayo.

Blogu ikishafunguka, ongeza ufunguo wa pili. Kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, alika barua pepe yako nyingine au ya mtu unayemwamini kama wa damu. Akishakubali mwaliko, mbadilishe kutoka mwandishi kuwa msimamizi. Akibaki mwandishi tu hawezi kuokoa chochote. Na usiiache akaunti ikalala, kwa sababu Google inaweza kuifuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, na vilivyomo vyote.

Anwani

Nenda blogger.com, ingia kwa akaunti ile mpya, gusa kitufe cha kuunda blogu. Utaulizwa vitu vitatu: jina la blogu, anwani, na jina lako la kuonyesha. La kwanza na la tatu yanabadilika wakati wowote. Anwani nayo hubadilika, ila ukiibadilisha viungo vyote vya zamani vinakufa: vile ulivyotuma kwenye makundi ya WhatsApp, vile watu walivyohifadhi, vile Google ilivyokwisha kuviorodhesha. Hapa tulia.

Anwani hupokea herufi, tarakimu na kistari. Haipokei nafasi wala alama nyingine. Kipimo kizuri ni sauti. Mpigie mtu simu, mtajie anwani mara moja, mwambie aiandike. Akiuliza "ni K au C?" au "kistari kinakaa wapi?", tafuta nyingine. Fundi wetu akiweka jina lake na mwaka wa kuzaliwa, kila mtu atausahau mwaka. Akiweka "sketi" peke yake, amejifungia: mwakani akitaka kufundisha suruali, anwani inampinga. Akitumia neno pana kama ushonaji pamoja na neno lake mwenyewe, ana nafasi ya kukua. Blogger itakuambia papo hapo kama anwani imechukuliwa. Ikichukuliwa usiongeze 1 au 255 mwishoni, maana msomaji akisahau tarakimu ataangukia kwa mwingine. Badilisha neno.

Siku moja ukitaka anwani ya kulipia, tuseme ya .co.tz au .co.ke, utaiunganisha na blogu hiyo hiyo, na anwani ya blogspot itawapeleka wasomaji kwenye mpya yenyewe. Huna sababu ya kununua kabla hujaandika.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Mipangilio ya Blogger ni mirefu, ila ya kugusa mwanzoni ni michache. Saa ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Blogu mpya mara nyingi huja na majira ya California, ambayo yako nyuma yetu kwa saa 10 au 11. Ukichapisha Jumatatu saa 2 asubuhi, makala itaandikwa Jumapili usiku, na ukipanga makala ijichapishe yenyewe itachelewa kwa saa hizo hizo. Chagua Nairobi, au mji wowote wa GMT+03:00.

Hakikisha blogu imeruhusiwa kuonekana kwenye injini za utafutaji. Hakikisha kuelekezwa kwa HTTPS kumewashwa, la sivyo baadhi ya vivinjari vitamwonya msomaji kwamba tovuti si salama. Andika maelezo ya blogu, nafasi ni herufi 500 lakini sentensi mbili zinatosha. Washa maelezo ya utafutaji, maana bila hatua hiyo kile kisanduku cha muhtasari hakitatokea unapoandika makala. Kwenye maoni, chagua yapitiwe na wewe kabla ya kuonekana. Blogu mpya huvamiwa na watangazaji wa mikopo na waganga hata kabla haijapata msomaji wa kweli.

Mandhari, yaani sura ya blogu: chagua mojawapo ya zile za Blogger yenyewe, kama Contempo, Soho au Simple, uendelee na kazi. Mandhari za bure zinazopakuliwa kwenye tovuti nyingine hupendeza machoni, lakini nyingi hubeba viungo vilivyofichwa vya aliyezitengeneza, na ukivifuta blogu nzima inavurugika. Ukijaribu hata hivyo, hifadhi kwanza nakala ya mandhari ya sasa. Menyu ya mandhari ina kitufe cha kazi hiyo.

Makala ya kwanza

Usianze na "Karibuni kwenye blogu yangu". Hakuna anayetafuta maneno hayo. Anza na swali ambalo watu wamekuuliza zaidi ya mara tatu, ulijibu kikamilifu. Fundi wetu anaulizwa kila wiki jinsi ya kukata sketi ya vipande sita, basi hiyo ndiyo makala yake.

Tazama tofauti inayoletwa na namba. Mwandishi mvivu ataandika: "Pima kiuno, gawanya kwa idadi ya vipande, kata." Msomaji atafanya hivyo na kuharibu kitambaa. Mwandishi anayejua ataandika: kiuno inchi 30, gawanya kwa 6, unapata inchi 5, ongeza nusu inchi ya mshono kila upande, kila kipande kinakuwa inchi 6 kwa juu. Kisha atasema kosa na sababu yake: ukisahau mshono, kila kipande kinapoteza inchi 1, na vipande sita vinakula inchi 6, hivyo sketi ya kiuno 30 inatoka kiuno 24 na haimwingii mtu. Aya hiyo moja inampa msomaji sababu ya kurudi, na hakuna rangi ya mandhari inayoweza kuifanya kazi yake.

Kichwa cha makala kiwe maneno ambayo mtu angeyaandika mwenyewe akitafuta: "Jinsi ya kukata sketi ya vipande sita kwa kiuno cha inchi 30". Kichwa kama "Uzuri wa mshono" hakiletwi na utafutaji wowote. Urefu hauna sheria, andika hadi swali liishe. Aya ziwe fupi, kwa kuwa wasomaji wengi wanasoma kwenye simu, na aya ya mistari mitano kwenye kompyuta inajaza kioo kizima cha simu. Vichwa vidogo vya ndani vichague kwenye menyu ya mitindo ya kihariri, yaani sehemu unayoandikia. Ukikoleza tu herufi, macho yataona kichwa lakini Google na programu za kuwasomea wasioona hazitajua kwamba ni kichwa.

Kosa linalowachanganya sana wageni ni la kunakili. Ukiandika makala kwenye Word au WhatsApp kisha ukaibandika, maandishi huja na nguo zake: ukubwa wa ajabu, rangi ya kijivu, mandharinyuma meupe yanayokataa kutoka. Kwenye kompyuta bandika kwa Ctrl, Shift na V kwa pamoja. Kwenye Android, ukibonyeza na kushikilia, chagua kubandika kama maandishi matupu. Kama umeshachelewa, chagua maandishi yote, gusa alama ya T iliyokatwa mstari kwenye upau wa juu, uondoe mapambo yote uanze upya.

Picha, na bando la msomaji

Picha ndiyo sehemu ya kufanya kwa uangalifu mkubwa, maana inagusa mfuko wa mwingine. Picha ya simu ya kawaida ya siku hizi ina MB 3 hadi 5. Makala ya sketi yenye picha kumi ni takriban MB 40. Msomaji aliyenunua bando la MB 500 atatumia karibu sehemu ya kumi na mbili ya bando lake kwa makala moja tu, na mtandao ukiwa dhaifu ataondoka kabla picha ya pili haijafunguka.

Blogger husaidia nusu ya kazi. Ukigusa picha uliyoweka ndani ya makala utaona ukubwa wa kuchagua. "Original" humpa msomaji faili zima. "Large" na "X-Large" humpa nakala iliyopunguzwa, na X-Large, yenye upana wa pikseli 640, inatosha kioo cha simu. Anayetaka kuona vipimo kwa karibu ataigusa picha ifunguke kubwa.

Nusu ya pili ni yako: punguza picha kabla ya kuipakia, uokoe bando lako pia. Njia rahisi isiyohitaji programu mpya ni WhatsApp. Jitumie picha kwenye namba yako mwenyewe kwa ubora wa kawaida, kisha ihifadhi. Itarudi ikiwa na uzito wa mamia ya KB badala ya MB kadhaa, na taarifa za mahali ilipopigwa zitakuwa zimeondoka. Hilo la mahali si dogo: kamera ya simu inaweza kuandika ndani ya picha uliko hadi mlangoni pako. Zima huduma ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kama unapiga picha nyumbani.

Badilisha jina la faili kutoka IMG na tarakimu zake liwe kipande-cha-sketi-inchi-6. Kisha jaza maandishi mbadala ya picha, kwa kuigusa na kufungua alama ya gurudumu. Andika kinachoonekana: "Kipande kimoja cha sketi kimechorwa kwa chaki, inchi 6 juu na inchi 12 chini." Asiyeona atasomewa maneno hayo, na msomaji ambaye picha imekataa kufunguka atayaona.

Picha iliyotokea kwenye utafutaji wa Google si ya bure kwa sababu imetokea hapo. Mwenye picha akilalamika, Google huweza kuiondoa makala yako hewani, na malalamiko yakirudiwa blogu nzima iko hatarini. Piga zako, au tumia za Wikimedia Commons, hazina ya picha huru mtandaoni, ukifuata leseni iliyoandikwa chini ya kila picha. Nyingi zinataka umtaje aliyepiga. Picha ya mteja aliyevaa nguo uliyoshona, omba ruhusa kwanza, na ya mtoto omba kwa mzazi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Kabla hujagusa Publish

Hapa ndipo uamuzi wa tatu ulipo. Upande wa kulia wa kihariri (kwenye simu, gusa alama ya gurudumu) kuna sehemu ya kiungo, "Permalink". Ukiiacha, Blogger huchukua kichwa chako na kukikata kikiwa kirefu, na ukichapisha bila kichwa kiungo kinakuwa "blog-post.html", kisichomwambia mtu chochote. Chagua kuandika mwenyewe: kukata-sketi-vipande-sita. Mwaka na mwezi vitatangulia vyenyewe na .html itaongezwa mwishoni. Makala ikishachapishwa kiungo hakibadiliki mpaka uirudishe rasimu, na ukikibadilisha, kila aliyetumiwa kile cha zamani ataambiwa ukurasa haupo.

Hapo hapo jaza maelezo ya utafutaji. Una herufi 150, sema makala inajibu nini. Na weka lebo mbili au tatu, zisizidi. Lebo ni kama droo za kabati. Ukiandika "Sketi" leo, "Masketi" kesho na "Sketi za kike" keshokutwa, umetengeneza droo tatu zenye kitu kimoja kimoja. Andika orodha ya lebo zako kwenye daftari uifuate.

Gusa kitufe cha kuangalia kwanza, isome makala kwenye simu kama msomaji, ndipo uchapishe.

Kuna jambo moja la kurasa ambalo huwafanya watu wadhani blogu imeharibika. Ukurasa wa "Kuhusu" au "Mawasiliano" huundwa kwenye sehemu ya kurasa, si ya makala, na ukishauchapisha hauonekani popote. Si hitilafu. Nenda sehemu ya mpangilio, ongeza kifaa cha kurasa, weka alama kwenye kurasa unazotaka, hifadhi. Menyu itatokea. Kwenye ukurasa wa mawasiliano weka barua pepe ya blogu, na namba ya simu ya nyumbani usiiweke.

Kupatikana

Google haitajua kwamba upo siku hiyo hiyo. Ifungulie mlango kwa Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambayo nayo ni bure: ingia kwa akaunti ile ile inayomiliki blogu, ongeza anwani yako kamili ikianza na https, na kwa kuwa akaunti ni moja uthibitisho hupita wenyewe. Kisha kwenye sehemu ya ramani za tovuti andika sitemap.xml uwasilishe. Blogger imeshakutengenezea faili hilo. Kuorodheshwa huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Kutuma ombi la makala ile ile kila asubuhi hakuharakishi kitu.

Wasomaji wa kwanza watatoka kwa watu unaowafahamu. Tuma kiungo pamoja na sentensi inayosema kinachojibiwa, kwenye kundi ambalo swali hilo limeulizwa, siku limeulizwa. Kumwaga viungo kwenye makundi ishirini kwa mkupuo kutakufanya utolewe, tena kwa haki.

Takwimu za Blogger zisome kwa tahadhari. Zinakuhesabu hata wewe mwenyewe mpaka uzime ufuatiliaji wa kutembelea kwako, na zinahesabu pia roboti. Ukiona mamia ya watembeleaji wa ghafla kutoka nchi isiyosoma Kiswahili, wakiletwa na tovuti ya jina la ajabu, usiiguse tovuti hiyo. Ni mtego wa kukuvuta uende kwao.

Sheria za unapoishi

Mwanablogu wa ushonaji na mwanablogu wa habari hawako mahali pamoja mbele ya sheria. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, ikazitunga upya 2020 na kuzirekebisha 2022. Zinahusu leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ada na aina zake zimebadilika zaidi ya mara moja. Kama unakusudia kuchapisha habari na matukio, soma kanuni zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA yenyewe, au uliza ofisini kwao kabla ya kuanza, wala usitegemee ujumbe uliosambazwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania, na ile ya 2018 ya Kenya kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, zinamgusa kila anayechapisha, hata anayeandika mapishi. Usichapishe taarifa juu ya mtu usiyoweza kuithibitisha.

Nakala ya akiba

Mara moja kwa mwezi nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kusimamia blogu, upakue nakala ya maudhui. Utapata faili lenye makala, kurasa na maoni. Picha zenyewe hazimo, kuna viungo vyake tu, kwa hiyo picha zote ulizotumia zihifadhi kwenye folda yake, kila makala na folda ndogo yenye jina la kiungo chake. Faili la makala jitumie kwenye barua pepe ile ya pili, ili lisikae kwenye simu moja peke yake. Ukifuta blogu kwa bahati mbaya una siku 90 za kuirudisha kutoka kwenye menyu ya blogu zilizofutwa. Zikipita hizo, fungua blogu mpya, nenda sehemu ile ile ya kusimamia blogu, chagua kuingiza maudhui, mpe faili lako, na makala zitarudi zikiwa na tarehe zake.